TUPEANE UZOEFU: The Selection, uliisoma ukiwa upande wa nani?

Binti Kalamu (mleta mada)

Habari zenu wapenzi wa riwaya. The Selection ya Kiera Cass imekuwa ikiibuka kwenye kila uzi, hata ule wa riwaya za kijasusi, na kila ikiibuka watu wanarushiana maneno. Nimeona tuipe uwanja wake. Sihitaji uchambuzi wa mtihani. Nataka kila mmoja aseme yake: uliianzaje, ulikwama wapi, nani alikuudhi, na kama ulihama upande njiani, nini kilikuhamisha.

Kwa wageni: kitabu kilitoka 2012. Kinatupeleka kwenye nchi ya baadaye iitwayo Illéa, iliyosimama pale ilipokuwa Marekani baada ya vita kadhaa. Watu wamegawanywa matabaka manane. La Kwanza ni la wafalme, la Nane ni la wasio na makazi na waliotupwa na jamii, na kazi yako inafuata tabaka ulilozaliwa. Mwanamfalme Maxon anapotafutiwa mke, wanaitwa wasichana 35, mmoja kutoka kila mkoa, wanahamia kasrini na kushindania taji huku nchi nzima ikiwatazama kwenye televisheni. Shujaa wetu ni America Singer wa tabaka la Tano, tabaka la wasanii, ambaye tayari ana mpenzi wake wa siri, Aspen, wa tabaka la Sita. Tutafichua mambo mpaka vitabu vya mwisho, kwa hiyo aliye bado njiani afunge uzi huu, atatukuta.

Naanza mimi. Nilikichukua kwa ajili ya lile gauni la bluu la jaladani, sina haja ya kuficha. Nilitegemea mapambo, wivu na busu, nimalize nilale. Kilichonikalisha kitako ni chakula. America anaimba kwenye sherehe za wenye nazo, anadunduliza, siku moja anaandaa mlo wa maana na kuupandisha kwenye kijumba cha juu ya mti anapokutania na Aspen usiku, wakati amri ya kutotoka nje imeshaanza. Aspen ana njaa ya kweli. Baba yake amefariki, wadogo zake wanamtegemea yeye. Anakula. Halafu katikati ya kula fahari inamchoma: msichana ndiye anayemlisha. Wanaachana palepale juu ya mti, mabaki ya chakula yakiwa mbele yao.

Nilimkasirikia Aspen kwa siku nyingi. Lakini kuanzia hapo kurasa zote za kasrini nilizisoma na ule mlo kichwani. Kila America akifurahia vitamu mezani kwa mfalme, mimi nawaza nani kalala bila kula kule kwao. Niko upande wa America mwenyewe. Hao wavulana wawili nawaachia ninyi. Karibuni.

Damu ya Maxon

Dada Binti Kalamu, asante kwa uwanja, tulikuwa tunaonewa kule kwingine.

Mimi ni Maxon tangu usiku ule wa kwanza. America anabanwa na kiwewe, anataka hewa, walinzi wanamzuia mlangoni, Maxon anatokea na kuamuru mlango ufunguliwe. Bustanini anajibiwa ovyo na msichana ambaye hata hawajatambulishana, na hamfukuzi. Halafu wanakubaliana kitu ambacho sijakiona kwenye riwaya nyingine ya kifalme: America abaki kama rafiki, amsaidie Maxon kuwafahamu wasichana wengine, na familia yake iendelee kupokea malipo. Wanaanza kwa mkataba, mapenzi yanakuja taratibu. Na Maxon haoni aibu kukiri kwamba hajui afanyeje mwanamke akilia mbele yake.

Ile ishara yao ya kushika sikio kila wanapotaka kuonana, mimi na rafiki yangu tuliihamishia darasani. Mwalimu akatuuliza kama masikio yetu yanauma.

Kijana Mkimya

Nina miaka 16, wa kiume, na nilikisoma nikiwa nimekivika jalada la kitabu cha hesabu. Dada zangu walikuwa wanakizungumza kila siku mpaka nikachoka kukaa kama mgeni nyumbani kwetu.

Mimi nilifuata siasa. Na msingi wake si haba: Marekani inaelemewa na deni lake kwa China, inavamiwa, vita inazaa vita, mwishoni anaibuka tajiri mmoja, Gregory Illéa, nchi inachukua jina lake. Wananchi wa kawaida historia hawaisomi vitabuni, wanasimuliwa tu, na anayesimulia ndiye anayetawala. Hilo lilinikaa sana. Kwenye kitabu cha pili America anaiona shajara ya huyo Gregory, na unatambua kwamba yule shujaa wa taifa hakuwa shujaa hata kidogo. Niliamka nikakaa wima kitandani. Nikasema sasa ndiyo tunaanza.

Kurasa chache baadaye tukarudi kwenye magauni.

Na waasi jamani! Kasri limejaa walinzi lakini watu wanaingia na kutoka kama sokoni. Wa Kaskazini wanapekua vitu, wa Kusini wanaua, wakimaliza wanaondoka, kesho yake wasichana wanakunywa chai. Nilitamani mtu mmoja tu aulize mkuu wa ulinzi ana kazi gani. Aspen naye anaitwa jeshini, kati ya vituo vyote vya nchi nzima anapangiwa kasri lilelile alipo mpenzi wake. Hapo mwandishi alitupiga changa la macho mchana kweupe.

Upande wangu? Sina. Dada zangu wako Maxon wote watatu na mimi napenda amani.

Nuru ya Kurasa

Naomba nisipigwe mawe. Mimi kitabu hiki kilinitisha kabla hakijanifurahisha.

Nina miaka 14. Niliposoma pale America anapewa maelekezo kabla ya kuondoka kwao, yule afisa akamwambia kwamba mwanamfalme hakataliwi, akitaka chochote asikatae, niliganda. Nikampelekea dada yangu mkubwa asome aya ile. Akaniuliza, "Sasa huyo Maxon ukimpenda, unampenda kwa sababu ni mzuri au kwa sababu hakutumia ruhusa aliyopewa?" Sikuwa na jibu na mpaka leo nalitafuta. Naona kitabu chenyewe hakiulizi swali hilo kwa sauti. Kinaliweka pale, kisha kinakimbilia gotini, maana America anapodhani Maxon anataka kumshika, anampiga goti, na tunacheka, mambo yanaisha.

Jambo jingine. Wasichana wanapofika wanapelekwa kutengenezwa nywele, kucha, ngozi, kamera zikiwa juu yao. Nikajisemea, hii nimeisoma kwenye Biblia. Kitabu cha Esta: wanawali wanakusanywa kwa mfalme Ahasuero, miezi 6 ya mafuta ya manemane, miezi 6 ya manukato, ndipo wanaingizwa kwake mmoja mmoja. Baadaye nikagundua mwandishi mwenyewe ameeleza kwamba Esta na Cinderella ndio waliomwingiza kwenye hadithi hii, alikuwa anawaza huenda Esta alikuwa na mtu wake kabla ya kuchukuliwa. Tangu hapo nilianza kumsoma Aspen kwa huruma, maana kwenye Esta hakuna anayemtaja kijana aliyebaki nyuma.

Kwa hiyo ndiyo, mimi ni timu Aspen. Najua tuko wachache.

Damu ya Maxon

Nuru, mawe hatupigi, ila Aspen ndiye aliyembembeleza ajiandikishe! Alimwambia asipojaribu, yeye ataishi na lawama. Halafu akimkuta kasrini anataka kurudiana. Haya mambo hayapatani.

Nuru ya Kurasa

Alimbembeleza kwa sababu akimuoa atamshusha daraja, awe wa Sita kama yeye. Mwanamke anafuata tabaka la mume. Wewe ungemshusha unayempenda?

Tabaka la Nane

Nimechelewa kufika, niliona arifa nikiwa na kazi. Nisogezeeni kiti, langu ni refu.

Mimi nilikuwa Maxon kama wengine. Nilisoma cha kwanza haraka, nikaingia The Elite, cha pili, bila kupumua. Mnakumbuka usiku wa Halloween? Kila mtu amevaa mavazi ya kujigeuza, wazazi wa wasichana wamealikwa, watu wanacheza, ndiyo sherehe pekee kwenye mfululizo mzima ambayo nilitamani kuwepo. Marlee, rafiki mkubwa wa America, anakamatwa usiku huohuo na mlinzi anayeitwa Carter. Wanapendana. Kwa sheria yao, msichana wa Mchujo, yaani lile shindano la taji, ni mali ya mwanamfalme, kwa hiyo kumpenda mtu mwingine ni uhaini.

Asubuhi wenzake wanapelekwa kuketi na kutazama. Carter anachapwa mgongoni. Marlee anachapwa viganja. Viboko vinahesabiwa. Na katikati ya hesabu, Marlee hamuombi mtu msamaha, anamwambia Carter kwamba anampenda. America anainuka mbio kutaka kuwafikia, walinzi wanamnyanyua na kumtoa akipiga kelele. Maxon ameketi kule juu.

Nilikifunga. Nilikiweka chini ya nguo zangu kabatini, sikutaka hata kuliona jalada lake jekundu. Mdogo wangu akakipata, akaanza kukisoma, akanifuata akiuliza kwa nini nimeacha wakati anaona kinazidi kunoga. Nikamwambia subiri. Alipofika pale alikuja bila kusema neno, akakirudisha palepale kabatini.

Tulikimaliza pamoja baadaye, nasoma mimi, anasikiliza yeye. Ndiyo tukajua kwamba adhabu ya kawaida ilikuwa kifo, na kwamba Maxon alikuwa amewaficha Marlee na Carter, wakaendelea kuishi humohumo kasrini kama watumishi. Mdogo wangu alimsamehe mara moja. Mimi sijamsamehe, na sababu yangu ni hii: aliwaficha kwa kuwa mmoja wao alikuwa anamfahamu. Je, wasichana wa Michujo iliyopita? Na wale wa huko mikoani wanaovunja sheria ileile ya kukutana kabla ya ndoa, America na Aspen wakiwemo laiti wangekamatwa, nani angewaficha? Huruma ya mfalme inamfikia aliye karibu na meza yake tu.

Sasa Maxon ana sifa zake na sizikatai. America alipomweleza maana ya kulala na njaa, alianzisha mpango wa chakula kwa matabaka ya chini. Lakini hata hapo ilibidi apate msichana mzuri wa kumweleza. Mama yake malkia alizaliwa tabaka la Nne! Hakuwahi kumuuliza?

Damu ya Maxon

Umeongea kwa uchungu, nimekuelewa. Ila usisahau mgongo wake. Mwisho wa kitabu hichohicho, America anapotamka mbele ya kamera kwamba matabaka yafutwe, mfalme Clarkson anataka kumwadhibu, na Maxon ndiye anayepokea kipigo kwa baba yake. Makovu ya zamani yalikuwepo tayari. Mtu anayepigwa kila akikosea jibu, hatutegemei apindue serikali akiwa bado kijana.

Tabaka la Nane

Hilo nimelipokea. Kidogo.

Mama Zawadi

Wanangu, habari. Mimi ni mzazi, binti yangu yuko humu kwa jina jingine na ameniruhusu niandike, kwa sharti nisimtaje.

Nilikisoma ili nijue anachokesha nacho. Nyote mnasema mlikuwa upande wa nani kati ya wale vijana. Mimi nilikuwa upande wa Magda, mama yake America, ambaye naona humu hakuna anayemtaja. Mnamwona ana tamaa kwa sababu anamsukuma mtoto ajiandikishe, na hata anamwahidi nusu ya pesa za kazi zake akikubali. Mimi nilimwona mama mwenye mtoto mmoja mkubwa aliyetajirika kwa sanamu zake akawatupa, mume mchoraji, mabinti wawili na mvulana mdogo ambao hana hakika kesho watakula nini. Barua inafika, ndani yake kuna mlango. Asingeusukuma ningemshangaa.

Kilichoniuma ni kwamba mwandishi anampa baba maneno yote ya upole na mama anaachiwa kufokafoka. Nilimwambia binti yangu hivyo, akasema, "Mama, wewe ni Magda kabisa." Mpaka sasa sijui alikuwa ananisifu au vipi.

Binti Kalamu (mleta mada)

Shikamoo mama. Karibu sana, na umetuumbua. Nilimsoma Magda kwa kuruka aya.

Kijana Mkimya

Shikamoo mama. Hapo kwa Magda nimekosa la kujibu.

Kamba Nne

Mimi napiga violini, naomba niseme kitu kuhusu tabaka la Tano.

Watu wanaipita haraka ile habari kwamba wasanii ni wa Tano. America anaimba, anapiga violini na piano, na anafanya hivyo kwa sababu amezaliwa huko, hakuna aliyemuuliza. Sisi huku tunagombana na wazazi watuache tusome muziki. Kule Illéa mtoto wa mwalimu mwenye kipaji hawezi kushuka akapige ala kwa riziki yake, na mtoto wa mwanamuziki asiye na sikio la muziki kabisa hana pa kutokea. Gerad, mdogo wake America, hana mpango na sanaa, anapenda mpira. Inasemwa mara moja mbili tu hivi, kwa utani, na mimi ndiyo mistari iliyonihuzunisha kuliko kifo cha Celeste, mshindani mwenzake America.

Halafu ile senti. Aspen alikuwa anamlipa America senti kila akimwimbia, akisema kazi ya msanii hailiwi bure. America anazitunza kwenye chupa, anaondoka na moja kwenda nayo kasrini. Mtu maskini anamlipa fundi kile kidogo alichonacho, wakati matajiri wote kitabuni wanamsikiliza huku wanatafuna. Nilihamia kwa Aspen kwa sababu ya senti hiyo moja. Nilirudi kwa Maxon baadaye kidogo, lakini nilihama kweli.

Fungua Sura

Hamjasema kuhusu mwisho wa cha kwanza!! Unasoma kitabu kizima, wasichana wanapungua, unaona sasa tunapata mshindi, unafungua ukurasa, wamebaki sita na kitabu kimekwisha. Nilidhani nakala yangu imechanwa. Nikasubiri zamu yangu ya cha pili, nikafika mwisho, bado. Mshindi anapatikana The One, cha 2014. Waliokisoma kadiri vilivyokuwa vinatoka tangu 2012 wana subira ya ajabu, mimi nilivipata vyote vikiwa tayari na bado nililia.

Na mwisho wenyewe una haraka ya kutisha. Maxon anagundua habari za Aspen, anakasirika, yuko tayari kumtangaza Kriss, mshindani mwingine wa America, waasi wanavamia, risasi, mfalme amekufa, malkia amekufa, Celeste amekufa, tunafunga ndoa. Celeste ndiyo kwanza alikuwa amegeuka rafiki! Vitabu viwili tunamchukia, cha tatu anatulia, tunaanza kumpenda, pa. Malkia Amberly naye anapita kwa sentensi ambazo nilizirudia nikidhani nimeruka ukurasa.

Wale wanaouliza kuhusu filamu: kituo cha televisheni cha Marekani, CW, kilirekodi kipindi cha majaribio mara mbili, na waigizaji tofauti, na mara zote mbili mfululizo haukuendelea.

Wa Pili kwa Zamu

Mimi nilianzia pabaya. Nilisoma The Heir, cha nne, kwanza, bila kujua kuna vitatu nyuma yake. Kwa hiyo kwangu America ni mama wa mtu, na Maxon ni baba mwenye mawazo mengi. Nyinyi mnagombania mapenzi ya wazazi wangu.

Kila mtu humchukia Eadlyn, binti yao. Ana kiburi, anaringa, anawaona wavulana 35 walioletwa kwa ajili yake kama adhabu. Mimi nilimpenda. Amezaliwa dakika 7 kabla ya pacha wake Ahren, ikabadilishwa sheria ili msichana arithi, na kuanzia hapo akaambiwa kila siku kwamba nchi itakuwa juu ya mabega yake. Ungekuwa mpole wewe? Matabaka yamefutwa kwenye karatasi, lakini watu bado wanakataliwa kazi kwa sababu ya tabaka walilotoka, wanafanya fujo, na wazazi wake wanaamua Mchujo mpya uwasahaulishe hasira. Siku ya msafara wanamrushia uchafu hadharani. Nilimwonea aibu, halafu nikaona waliorusha nao wana hoja.

Nilipokuja kusoma vitatu vya mwanzo baadaye, nilishangaa jinsi furaha ya ile harusi ilivyokuwa fupi. Wenzangu waliovisoma kwa mpangilio walimaliza The One wakiamini mambo yametengemaa. Mimi nilikuwa nimeshaona kwamba hayakutengemaa, kwa hiyo kila Maxon alipoahidi kufuta matabaka nilikuwa namtazama kwa jicho la pembeni.

Kijana Mkimya

Kumbe kwenye The Heir kuna siasa? Mbona hakuna aliyeniambia! Dada zangu walisema hakifai.

Wa Pili kwa Zamu

Hawakufai dada zako. Kisome.

Binti Kalamu (mleta mada)

Nimewasoma wote. Tabaka la Nane, hoja yako ya huruma ya mezani imeniharibia Maxon kabisa na sijui kama nakushukuru.

Niongeze jambo ambalo hamjaligusa: wajakazi. Anne, Mary na Lucy. Waasi wanapovamia, Lucy anatetemeka mpaka anashindwa kusimama, na America, badala ya kuhudumiwa, ndiye anayemtuliza. Kwangu mimi pale America anakuwa malkia, miezi mingi kabla ya taji. Na Lucy ndiye anayempata Aspen mwishoni, kwa hiyo timu Aspen msijione mmepoteza, kijana wenu alipata mtu anayejua kazi ni nini.

Anayefuata naomba atusaidie: kuna yeyote humu aliyemtaka Kriss? Kweli kabisa, hata mmoja?

Kimya Kimya

Mimi. Hakugombana na mtu, hakutupa maneno kwenye televisheni, alimpenda Maxon kwa moyo mmoja tangu mwanzo na hakuwa na mpenzi kwenye korido. Akawa amebakiza hatua moja. Naomba nafasi niandike kirefu kesho, leo nimeshikwa na hasira upya.